HUYU NDIYE MZUNGU ALIYELETA TRAUTI KWENYE MITO YA AFRIKA MASHARIKI

Najua hapa mmezoea habari za halmashauri, mgao wa maji na bei ya maharage siku ya soko Ngaramtoni. Leo naomba mnivumilie kidogo, nawaletea maisha ya mzungu mmoja aliyefariki mwaka 1967. Anaitwa Ewart Grogan. Wadau wa Nairobi watacheka, maana kule mafundi wa magari mpaka leo wanamtaja kila siku bila kumjua. Sisi wa upande huu wengi hatujawahi kumsikia.

Kisa chenyewe kimeanzia nyumbani. Nina bwana mdogo, chalii mwenye akili nyingi na mfuko mtupu. Mwezi uliopita alinikuta nimekaa kafe nachapisha barua ya mtu, akavuta kiti, akaniambia amepata dili. Anataka kwenda Kenya kuchukua vifaranga vya trauti, avilete kwenye mifuko ya nailoni yenye maji na hewa, avimwage kwenye kijito chetu huku juu karibu na msitu wa Olmotonyi. Baada ya miaka miwili samaki wamekuwa, watalii wanaotoka kupanda Meru wanakuja na fimbo zao, wanalipa dola, na yeye anakuwa bosi. Ameshapiga hesabu yote kwenye daftari, mpaka bei ya kukodisha mabuti ya mpira.

Sikumcheka. Nilimwambia anipe wiki mbili nisome. Nikataka kujua nani alilifanya jambo hili mara ya kwanza, alilifanya kwa ajili ya nani, na baada ya hapo mito ikawaje. Ndipo nikakutana na huyu Grogan, na tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa taabu kidogo.

Grogan alizaliwa Uingereza mwezi Desemba 1874, kwenye familia ya watoto 21. Ndiyo wadau, ishirini na moja, sijakosea kubonyeza. Shule ilimshinda kwa utundu, chuo kikuu cha Cambridge nako hakumaliza. Alipenda kupanda milima na kugombana. Mwaka 1896 yuko kusini mwa Afrika, akipigana upande wa Waingereza kwenye vita dhidi ya Wandebele. Akaugua vibaya, akaenda New Zealand kwa rafiki yake kupumzika. Huko akampenda dada wa huyo rafiki, binti anaitwa Gertrude Watt.

Baba wa kambo wa binti akamtazama kijana huyu asiye na kazi wala mali, akaona hapa hakuna mume. Ndipo Grogan akatoa ahadi ya ajabu. Atatembea Afrika kutoka kusini mpaka Cairo, jambo ambalo hakuna mzungu aliyekuwa amelifanya, ili athibitishe kwamba yeye ni mtu wa kumaliza anachoanza. Wengine wetu tunapeleka ng'ombe na blanketi, mambo yanaisha.

Safari ilianza Beira mwaka 1898. Alianza na Arthur Sharp, mjomba wake Gertrude, wakapita Nyasaland, Ziwa Tanganyika, Ujiji, wakapanda bonde la Ruzizi mpaka Kivu na milima ya Virunga. Walipofika Uganda Sharp alirudi kwao. Grogan akaendelea kuelekea Mto Naili, homa zikimtafuna, mpaka akaingia Cairo mwanzoni mwa mwaka 1900. Alikuwa na umri wa miaka 25. London ikamshangilia, Malkia Victoria akamwita, akaandika kitabu, na mwezi Oktoba mwaka huohuo akamwoa Gertrude wake.

Hapa niseme jambo. Kila ukisoma habari hii utaambiwa mtu mmoja alitembea Afrika. Si kweli hata kidogo. Kulikuwa na wapagazi, Watonga kutoka Nyasaland na Wamanyema wa Ujiji, waliobeba mahema, bunduki, unga, na mara nyingine walimbeba yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Wao walitembea na mzigo kichwani. Hakuna baba mkwe aliyewasubiri Cairo. Mkumbuke hilo, maana kwenye habari ya samaki watu wa kubeba watatokea tena.

Mwaka 1904 Grogan akaja Kenya na mkewe. Nairobi ilikuwa kijiji cha mabati kando ya reli. Jamaa akanusa pesa. Akapata kibali cha mbao msituni, akachukua eneo la bandari pale Mbaraki, Mombasa, na akanunua bwawa la matope karibu na mto Nairobi ambalo wenzake waliliona halina kazi. Bwawa lile ndiko leo kuna Gikomba na Kirinyaga Road. Barabara hiyo zamani iliitwa Grogan Road, na fundi wa Nairobi akikuambia anaenda Grogani kutafuta gia-boksi anamaanisha palepale.

Sasa tuje kwenye samaki.

Milima ya Aberdare, ambayo Wakikuyu wanaiita Nyandarua, ina mito ya maji baridi sana inayoshuka kwa kasi. Mmoja wao ni Gura, unatokea juu kabisa na kuteremka kuelekea upande wa Nyeri mpaka kuingia Sagana, na hatimaye Tana. Walowezi waliuona wakakumbuka mito ya kwao Uskoti, ila ndani hamkuwa na samaki wa kwao. Mwaka 1905 Grogan akaagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, akawapandikiza kwenye mto Gura. Ndiye anayetajwa kila mahali kuwa wa kwanza kufanya hivyo katika nchi zetu hizi.

Mtu unajiuliza, yai la samaki linatokaje Uskoti mpaka mlimani Afrika mwaka 1905 bila ndege? Siri ni baridi. Yai la trauti likikaa kwenye barafu linakua polepole mno, wiki nyingi kabla ya kutotoa. Kwa hiyo ukilipakia vizuri linavuka bahari kwenye meli, linashuka Mombasa, linapanda treni. Kutoka relini hapakuwa na barabara ya kupanda Aberdare, ilikuwa ni mabega ya watu. Wapagazi wakabeba samaki ambao hawajazaliwa kuwapandisha mlimani. Nimetafuta jina la hata mmoja wao, sikulipata.

Trauti ni samaki mwenye masharti. Anataka maji baridi, safi, yenye hewa nyingi, na changarawe ya kutagia. Maji yakizidi kama nyuzi 20 anaanza kuteseka. Anakula wadudu wa majini, viluwiluwi, kaa wadogo na samaki wadogo. Mto Gura ulimfaa kila kitu. Baadaye walowezi wakawatia kwenye mito mingine ya Aberdare na Mlima Kenya, trauti wa upinde wa mvua nao wakaletwa, na miaka ya 1940 kikajengwa kituo cha kuwatotolesha pale Kiganjo, jirani na Nyeri. Hata Malkia Elizabeth, siku alipopewa habari kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia, tarehe 6 Februari 1952, alikuwa nyumba ya wageni ya Sagana, kando ya mto wenye trauti. Upande wetu wa Tanganyika nako wakaletwa, kwenye vijito vya Kilimanjaro na nyanda za juu kusini.

Sasa jambo lililonikaa rohoni ni hili. Mto Gura unapita kwa Wakikuyu, na Wakikuyu wa wakati ule hawakula samaki. Ni kama sisi Waarusha na ndugu zetu Wamasai, bibi yangu mpaka anakufa aliona samaki ni nyoka aliyekosa adabu. Kwa hiyo samaki yule hakuletwa kumlisha mwenyeji. Aliletwa ili mzungu akichoka na shamba lake apate kusimama mtoni na fimbo na nzi wa bandia, ajione yuko kwao. Kisha zikaja leseni na kanuni za nani avue na avue vipi, na mto ambao mtoto wa pale alichota maji na kunywesha mbuzi bila kumuuliza mtu ukawa na mgeni mwenye ulinzi kuliko yeye. Bwana mdogo nilipomweleza hili alinyamaza kidogo, halafu akasema yeye ni mwenyeji, si mlowezi. Ana hoja.

Tukiwa kwenye habari ya ulinzi na nani ni mtu, kuna jambo la mwaka 1907 siwezi kuliruka, ingawa waandishi wengine wanaomsifu Grogan hulipita mbio. Mwezi Machi mwaka huo aliwakamata Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho, akidai kwamba walimkosea adabu dada yake na mwenzake. Akawapeleka mbele ya jengo la mahakama Nairobi, mchana, umati wa wazungu ukitazama, hakimu akipinga, akawachapa viboko kwa mkono wake. Hakukuwa na kesi wala ushahidi. Wakati huo yeye ndiye alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi. Serikali ilimshitaki, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, na kifungo chenyewe hakikuwa cha jela mnayoijua nyie. Wale watatu waliumizwa vibaya. Yeye alitoka akaendelea na biashara na siasa kwa miaka mingine hamsini.

Mtu huyohuyo, angalieni mambo. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika alifanya upelelezi kwa jeshi la Waingereza dhidi ya Wajerumani waliokuwa huku kwetu. Baadaye akajenga hoteli kubwa ya Torr's katikati ya Nairobi. Akalima mkonge Taveta, na juu ya kilima pale akajenga jumba lake ambalo watu wanaliita kasri la Grogan. Wadau wa Moshi mkivuka Holili mkaingia Taveta mnaliona, limekaa kama ngome, Kilimanjaro upande mmoja na Ziwa Jipe kwa mbali. Gertrude akafariki mwaka 1943. Mume akatoa ardhi Nairobi ijengwe hospitali ya watoto kwa kumbukumbu yake, ikaanza mwaka 1947, na mpaka leo inaitwa Gertrude's. Watoto wa rangi zote wanatibiwa pale siku hizi. Kenya ikapata uhuru 1963, mzee akaishia Cape Town, akafa Agosti 1967 akiwa na miaka 92. Alianzia kusini akamalizia kusini.

Mimi nimeshindwa kumpenda na nimeshindwa kuacha kusoma habari zake.

Turudi mtoni. Grogan amekufa, trauti wapo. Miaka zaidi ya 120 sasa. Swali linalobishaniwa na watu wa mazingira na wavuvi ni je, samaki wa namna hii waondolewe, mto urudi ulivyokuwa?

Wanaotaka waondolewe wana mfano mkubwa na sisi Watanzania tunaujua vizuri. Sangara. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Wapo waliomtaka kwa ajili ya uvuvi wa michezo, wapo waliotaka samaki mkubwa wa kuuza, na wapo wataalamu walioonya mapema kwamba asiletwe. Kufika miaka ya 1980 furu walikuwa wanapotea, inakadiriwa aina kama 200 zimetoweka. Kisha viwanda vikaja Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na kwetu yakabaki mapanki. Mnakumbuka kelele za mwaka 2006 juu ya ile filamu? Lakini muulize mtu wa Mwanza leo kama sangara aondolewe, anaweza kukurushia ndoo. Kasomesha watoto kwa sangara.

Trauti wa Gura si sangara, nisiwatishe bure. Huko juu kwenye baridi samaki wa asili walikuwa haba sana toka mwanzo, kwa hiyo hakuna furu 200 wa kulilia. Walioliwa ni kaa, wadudu na viluwiluwi, ambao hawana chama cha kuwatetea. Chini zaidi, ambako maji yanapata joto na kuna samaki wadogo wa asili, trauti mwenyewe hapendi kufika. Hiyo ndiyo hoja ya wanaosema aachwe, na kwa Gura naona ina uzito.

Lakini Afrika Kusini wamejaribu kuondoa, na habari yake ilinishtua kwa sababu nyingine kabisa. Kuna kijito kinaitwa Rondegat, milima ya Cederberg. Samaki wa Kimarekani aitwaye besi aliletwa sehemu zile kwa ajili ya wavuvi wa michezo, akawamaliza samaki wa asili, wakabaki tu juu ya maporomoko ambako besi hakuweza kupanda. Februari 2012 wataalamu wa hifadhi wakatia sumu kwenye kipande cha kama kilometa nne, wakarudia 2013. Besi wakaisha. Samaki wa asili wakashuka wenyewe kutoka juu ya maporomoko, wakajaa tena. Chini ya kipande kile waliweka dawa ya kuivunja sumu isiende kwa watu. Kazi safi, lazima niseme. Kwa trauti ubishi umeendelea miaka na miaka, maana kule kuna mahoteli na mashamba yanayoishi kwa trauti.

Sasa sumu yenyewe. Inaitwa rotenoni, inatoka kwenye mizizi na majani ya mimea. Nikasoma tena, nikacheka peke yangu pale kafe mpaka mwenye mashine akanitazama. Ni ndugu yake utupa! Utupa huuhuu unaoota pembeni ya mashamba, ambao wazee wa Kipare na wengine wengi waliutwanga na kuutia kwenye vidimbwi samaki waelee. Leo ukikamatwa unavua kwa sumu sheria inakungoja, na ni sawa. Ila mtaalamu mwenye kibali anatumia kitu kilekile kuusafisha mto.

Nami nina sababu ya kuukumbuka utupa. Nikiwa darasa la nne, vijana wakubwa wa mtaani kwetu walitwanga majani wakamwaga kwenye kidimbwi cha kijito, juu ya mahali tulipochotea maji. Walitafuta sijui nini, maana samaki wenyewe walikuwa vidagaa vya urefu wa kidole. Jioni viluwiluwi vyote vilikuwa vimeelea tumbo juu, vyeupe, kama mchele uliomwagika. Kaa mimi sikuwaona tena pale kwa muda mrefu. Bibi, yule aliyechukia samaki, alikaa kando ya maji akatukana kwa Kimasai mpaka giza. Hakuwatukana kwa ajili ya samaki. Ng'ombe walikuwa wanakunywa pale, na hakuna aliyemuuliza. Ngaramtoni yenyewe jina limetokana na maji, engare, na ndege mkubwa, motonyi, wazee wanavyolieleza.

Ndiyo nikamwambia bwana mdogo msimamo wangu, na nauandika hapa ili anishike nao. Trauti wa Gura waachwe. Kuwaondoa kungetaka kutia sumu kwenye mito ambayo watu wa Nyeri wanakunywa, kwa faida ambayo sioni kama inalingana. Wawekewe mipaka, wasiongezwe kwenye kijito ambacho hawamo, na mwenyeji wa pale avue bila kuonekana mwizi. Lakini kwetu hapa, hapana. Kumwaga mfuko mmoja wa vifaranga ni dakika moja. Kuwatoa ni utupa kilometa nzima, na chini yake wapo watu, mifugo na bustani za mboga mpaka huko mbugani. Kama anataka trauti achimbe bwawa pembeni, lenye wavu kwenye njia ya kutokea maji, aende ofisi ya uvuvi aombe kibali, maana kuingiza samaki hai nchini bila kibali ni kosa. Na kabla ya hayo yote aende kikao cha wazee wa kijito awaulize, jambo ambalo Grogan hakulifanya Gura.

Amekasirika. Anasema nimesoma sana habari za mzungu mmoja mpaka naona kila mtu ni yeye. Anasema pia kwamba maji ya huku juu yanapungua kila mwaka, watu wanalima mpaka kingoni na kukata miti, na hao wazee ninaowatetea hawajawahi kuitisha kikao kwa ajili hiyo, kwa hiyo kwa nini kikao kiwe kwa samaki wake tu. Hapo alinibana, wadau. Nilinunua soda mbili tukanywa bila kuongea.

Daftari bado analo. Wiki ijayo amesema atapanda basi mpaka Nyeri akawaone trauti kwa macho kule Kiganjo, na mimi nimemchangia nauli ya kwenda. Mdau yeyote wa Nyeri, Taveta au Usa River aliyewahi kufuga trauti bwawani, na anayejua gharama halisi ya chakula chao na maji, tafadhali tiririka hapo chini kwenye maoni, dogo atayasoma kabla hajaondoka. Na kama kuna ambaye babu yake alikuwa mpagazi wa wale samaki wa 1905, jina lake naliomba.

Nawakilisha.